Sauti Haimfundishi Aliyelala, Humkumbusha

Andika YouTube usiku wa leo kwamba unataka kuota huku ukijua unaota, uone utaletewa nini. Video za saa nane. Skrini nyeusi, muziki wa kuvutavuta, na katikati kuna mtu ananong'ona kwamba hii ni ndoto, jitambue. Ahadi ni ileile kwa zote: vaa vipokea sauti, lala zako, kazi itafanyika yenyewe. Asubuhi utasimulia jinsi ulivyoruka juu ya KICC bila mabawa.

Naandika hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, nyinyi mnaonifuata mmeniuliza mara nyingi kama hizo video zinafanya kazi. Ya pili ni ya mfuko. Mimi hutengeneza video, na kila baada ya muda kuna msee ananishauri nifungue chaneli ya sauti za usiku. Hoja yake ni rahisi: watu wakilala video inacheza mpaka asubuhi, saa zinahesabika, matangazo yanalipa. Kibiashara hajakosea. Lakini kabla sijamuuzia mtu kitu cha kuweka sikioni wakati hajijui, niliona afadhali nifuate historia yake nijue kimetoka wapi.

Na historia hiyo, wacha niseme mapema, inarudia jambo moja tangu karne ya 19 hadi leo. Sauti haimfundishi aliyelala kitu kipya. Humkumbusha tu alichokishika akiwa macho. Ukilielewa hilo utajua kwa nini nyingi ya hizo video ni hewa, na utajua pia kwa nini hatufai kuzichukulia kama mchezo tu.

Tuanzie Ufaransa. Kulikuwa na bwana mmoja wa ukoo wa kitajiri, Hervey de Saint-Denys, aliyezaliwa mwaka wa 1822. Kazi yake ya kujulikana ilikuwa usomi wa lugha ya Kichina, na baadaye alifundisha pale Collège de France, Paris. Lakini tangu akiwa kijana wa miaka 13 alikuwa na tabia moja: kila akiamka anaandika alichoota, na mara nyingine anakichora. Akajaza madaftari 22. Kadiri alivyoandika ndivyo alivyoanza kujigundua akiwa ndani ya ndoto, kwamba hapa naota, na akawa anaweza kuigeuza ndoto ielekee anakotaka. Mwaka wa 1867 alitoa kitabu kizima kuhusu ndoto na njia za kuziongoza. Hakuweka jina lake.

Ndani ya kitabu hicho kuna jaribio ambalo mimi naliona ndilo babu wa hizo video zote. Akienda likizo katika eneo la Vivarais, kusini mwa Ufaransa, alibeba manukato ambayo hajawahi kuyatumia. Akiwa huko akawa anayanusa kila siku. Aliporudi nyumbani akaifunga chupa. Baada ya miezi kadhaa akamwambia mtumishi wake: usiku wowote utakaouchagua wewe, bila kuniambia, nimwagie matone machache kwenye mto nikiwa nimelala. Mtumishi akafanya hivyo. Na usiku huo bwana akaota milima ya Vivarais.

Akaenda hatua nyingine, safari hii kwa muziki. Enzi hizo watu wa tabaka lake walikuwa wakienda dansi. Akapatana na kiongozi wa bendi kwamba kila atakapocheza na mwanamke fulani, upigwe wimbo fulani wa waltz, na akicheza na mwanamke wa pili, upigwe mwingine. Halafu akatafuta kisanduku cha muziki kinachoweza kupiga nyimbo hizo, akakiunganisha na saa ili kilie alfajiri akiwa bado usingizini. Wimbo wa kwanza ukimletea ndotoni mwanamke wa kwanza, wa pili unamletea wa pili.

Sasa angalia vizuri, kwa sababu hapa ndipo wauzaji wa leo wanaruka ukurasa. Kile kisanduku hakikumwambia aote nini. Hakikuwa na neno hata moja. Maana ya wimbo iliwekwa mapema, na mwenyewe, kwenye sakafu ya dansi, akiwa macho kabisa. Usiku ulikuwa wa kukumbusha tu.

Linganisha na Mfaransa mwenzake wa wakati uleule, Alfred Maury, ambaye kitabu chake kilitoka 1861. Yeye alimwomba mtu amsumbue kidogo akiwa amelala, bila maandalizi yoyote, halafu amwamshe aseme alichoota. Alipotekenywa kwa unyoya midomoni na puani, aliota anateswa, uso wake umebandikwa lami halafu inabanduliwa. Aliponusishwa manukato ya Cologne, akajikuta Cairo, ndani ya duka la manukato. Na mkasi ulipogongwagongwa karibu na sikio lake, aliota kengele, kisha kengele za hatari, na mara yuko Paris katikati ya machafuko ya Juni 1848, ambayo alikuwa ameyashuhudia kwa macho yake.

Mkasi ukageuka mapinduzi. Hiyo ndiyo kanuni ya pili: sauti ikiingia bila kuandaliwa, aliyelala huitafsiri kwa mambo yake mwenyewe. Haingii kama ilivyotumwa. Wewe unaweza kumnong'onezea mtu kwamba anaota, naye akasikia kondakta anaita abiria wa Rongai.

Kitabu cha Hervey kilikuwa adimu hata zama zake. Sigmund Freud mwenyewe, akiandika kitabu chake kikubwa cha ndoto, alikiri alikitafuta asikipate. Mwaka wa 1913 ndipo daktari wa akili na mwandishi wa Uholanzi, Frederik van Eeden, alipolipa jambo hili jina ambalo Wazungu wanalitumia hadi leo, akieleza ndoto zake 352 za aina hiyo alizoziandika tangu 1898. Kwa Kiswahili mimi naziita ndoto za kujitambua. Ukiwa na jina bora, tumia lako.

Halafu historia ikavuka bahari ikafika Marekani, na biashara ikaanza. Mjini New York kulikuwa na mtu anaitwa Alois Benjamin Saliger. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alianza kuuza mashine aliyoiita Psycho-Phone: santuri iliyounganishwa na saa, inayojiwasha usiku na kukunong'onezea maneno ya kukujenga. Unataka pesa? Kuna rekodi yake. Unataka mapenzi? Iko. Mwaka wa 1932 akapata hataza ya mashine hiyo. Si unaona? Miaka 90 na zaidi kabla ya hizi zetu za saa nane, ahadi ilikuwa hiyohiyo, tofauti ni kwamba ile ilihitaji kufungwa kwa mkono.

Mwaka huohuo wa 1932 Mwingereza Aldous Huxley alitoa riwaya ya Brave New World, ambamo serikali inawalea watoto kwa sauti za usiku. Kuna sehemu moja inayotugusa sisi watu wa huku. Mtoto anachezewa usingizini maelezo kuhusu Mto Nile na urefu wake. Asubuhi anayakariri yote bila kukosea neno. Anapoulizwa mto upi ndio mrefu zaidi Afrika, hajui. Analia. Huxley alikuwa anaandika hadithi tu, lakini aliona kitu ambacho wauzaji hawakutaka kukiona: kukariri si kujua. Ndiyo maana watawala wa riwaya yake wanaacha kufundisha masomo usingizini, wanabaki na kupanda hisia na mazoea. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Sayansi ilikuja baadaye kupima. Mwaka wa 1956 watafiti wawili wa shirika la RAND kule California, Charles Simon na William Emmons, walifanya kitu ambacho waliowatangulia hawakukifanya vizuri. Walipima mawimbi ya ubongo ili wawe na uhakika mtu amelala kweli ndipo wamchezee maswali na majibu. Matokeo: mtu aliyekuwa kwenye usingizi kamili asubuhi hakukumbuka kitu. Waliokumbuka ni wale ambao mashine ilionyesha walikuwa nusu macho. Kwa hivyo miaka yote ile watu walikuwa wakijifunza wakiwa wameamka kidogo, na kupoteza usingizi wao juu yake.

Lakini ndoto je? Mwaka wa 1953 Chicago ilikuwa imegundua ile hatua ya usingizi ambapo macho hukimbia huku na huku chini ya kope, hatua ya REM, ambamo ndoto nyingi zilizo wazi hutokea. Mwaka wa 1958 William Dement na Edward Wolpert wakaanza kuwasumbua watu wakiwa katika hatua hiyo: wengine walinyunyiziwa maji baridi, wengine wakamulikwa taa, wengine wakapigiwa mlio. Maji yaliingia kwenye ndoto kwa asilimia 42. Taa asilimia 23. Mlio? Asilimia 9.

Tisa! Yaani kati ya njia zote tatu, sauti ndiyo iliyoshindwa zaidi. Mlio mtupu, usio na maana kwa anayeusikia, unapita juu ya aliyelala kama lori la Mombasa Road linavyompita mtu aliyezaliwa kando ya Mombasa Road.

Hadi hapo bado kulikuwa na swali kubwa zaidi: utathibitishaje kwamba mtu anajua anaota? Jibu lilipatikana Uingereza, Chuo Kikuu cha Hull, tarehe 12 Aprili 1975. Mtafiti Keith Hearne alikuwa akimwangalia Alan Worsley aliyekuwa amelala kwenye maabara. Mwili ukiwa kwenye REM hufungwa, hauwezi kusogea, isipokuwa macho. Walikuwa wamekubaliana kabla: ukijigundua unaota, zungusha macho kushoto na kulia mara kadhaa. Worsley akafanya hivyo ndani ya ndoto, na mashine ikachora. Mtu amelala fofofo na anatuma ujumbe! Muda si mrefu Stephen LaBerge wa Stanford, bila kutegemea kazi ya Hull, akafika palepale na kuichapisha kwa ulimwengu mwaka wa 1981.

LaBerge alijaribu pia kuwachezea walio katika REM kanda inayosema hii ni ndoto. Mara nyingine ilifaulu, mara nyingine iliwaamsha tu. Akahamia kwenye taa, akatengeneza barakoa za macho zinazomulika mtu akiingia REM, zikauzwa miaka ya 1990. Na yeye hakuficha kwamba barakoa peke yake haitoshi. Mtumiaji alipaswa kushinda mchana akijizoeza kuitambua ile alama, ajiulize kila aonapo mwanga wa ajabu: je, naota? La sivyo taa inageuka jua au radi ndani ya ndoto, na ndoto inaendelea.

Ushahidi ulionishawishi mimi zaidi ni wa mwaka wa 2020, kutoka Chuo Kikuu cha Swansea, Wales. Michelle Carr, Karen Konkoly na wenzao waliwaleta watu maabarani asubuhi wapate usingizi mfupi. Kabla ya kulala, walifanyishwa mazoezi ya dakika kama 20. Kila wakisikia mlio fulani na kuona mwanga mwekundu, wanaangalia mawazo yao na mwili wao, wanajiuliza kama wako macho au wanaota. Walipolala na kuingia REM, kundi moja likachezewa alama hizo, kundi lingine likaachwa. Katika kundi la kwanza, nusu yao walijigundua ndotoni na kutuma ishara ya macho. Kundi la pili, asilimia 17.

Unaona ni nani huyo? Ni yule Hervey wetu na kisanduku chake, miaka 153 baadaye, ila amevalishwa nyaya.

Mwaka uliofuata Konkoly na maabara za nchi nne (Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi) walionyesha kwamba aliyelala anaweza hata kuulizwa maswali na kujibu. Mmoja aliulizwa nane toa sita, akajibu mbili kwa macho. Wengine walieleza kwamba swali liliwafikia kupitia vitu vya ndani ya ndoto, kama redio. Lakini usichangamke sana: kati ya majaribio 158, majibu sahihi yalikuwa asilimia 18 hivi, na mara nyingi hakukuwa na jibu lolote. Hao ni watu waliofunzwa, wakiwa na wataalamu kando ya kitanda.

Na ukifikiria, watu wa kale walilijua hili la maandalizi. Wagonjwa wa Ugiriki waliokwenda Epidauros kulala hekaluni ili mungu Asklepios awatembelee ndotoni, waliogeshwa kwanza na kutoa sadaka. Huku kwetu Pwani, Mwislamu akitatizwa na uamuzi huswali istihara: anatawadha, anaswali rakaa mbili, anaomba dua akitaja jambo lake. Masheikh husema jibu si lazima lije kwa ndoto, ingawa wengi hulala wakilisubiri huko. Sikusudii kulinganisha imani na maabara. Nasema tu kwamba hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeanza kazi baada ya kufumba macho.

Sasa turudi kwa lile la Huxley nililosema uweke akilini. Kama sauti haifundishi bali hukumbusha, basi swali zito ni: anayekukumbusha ni nani, na anakukumbusha nini?

Kwa sababu mchana wetu umejaa vitu ambavyo tayari vimeingia. Mwaka wa 1942 wanafunzi wa chuo Marekani waliulizwa kuhusu rangi katika ndoto zao. Karibu 71 kwa kila 100 walisema hawaoni rangi kamwe au huziona mara chache. Utafiti uliporudiwa na kuchapishwa mwaka wa 2003, walikuwa karibu 18. Eric Schwitzgebel, aliyeurudia, anashuku chanzo ni sinema na runinga zisizo na rangi za zama zile: ama zilibadilisha ndoto zenyewe, au zilibadilisha watu wanavyozifikiria. Mwaka wa 2000 Robert Stickgold wa Harvard aliwachezesha watu 27 mchezo wa Tetris. Kati yao, 17 waliona vile vitofali vikianguka walipokuwa wakianza kusinzia. Wakiwemo wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, ambao hawakukumbuka hata kwamba wamewahi kuucheza!

Mlango uko wazi, na kuna waliouona. Februari 2021, kuelekea fainali ya Super Bowl, kampuni ya bia ya Coors iliwaalika Wamarekani waangalie video fupi ya milima na maporomoko ya maji kabla ya kulala, kisha wachezewe sauti zake kwa saa nane usiku kucha, ili waiote bia. Walioshiriki waliahidiwa kupunguziwa bei. Kama ni mzaha au si mzaha, njia ni ile ya Hervey: funga alama na kitu mtu akiwa macho, icheze akiwa amelala. Miezi michache baadaye wanasayansi wa usingizi wapatao 40 walitia saini barua ya wazi wakionya kwamba ndoto zisigeuzwe uwanja wa matangazo, na wakataka sheria.

Niambie nyinyi. Hapa kwetu, ambapo matangazo ya kubeti yanatufuata kutoka redio hadi ukutani hadi kwenye simu, unafikiri kampuni ikigundua kwamba mlio wake wa ushindi unaweza kuchezwa saa kumi alfajiri ndani ya video ya kutuliza akili, itasita? Sisemi imefanyika. Nasema mlio huo kijana ameshaufunga na pesa akiwa macho. Nusu ya kazi imeisha. Na akiamka hatajua hamu ya asubuhi imetoka wapi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Chaneli ya saa nane sitafungua. Si kwa sababu sauti haina nguvu. Ni kwa sababu nguvu yake iko kwa aliyeipa maana, na mimi siwezi kukupa maana ukiwa umelala. Anayekuambia anaweza, ama hajui historia, ama anahesabu zile saa nane zako. Tena usingizi wenyewe ni mali. Sauti inayokatiza usingizi wa mtu anayeamka saa kumi na nusu kuwahi gari la kwenda tao inamwibia zaidi ya inavyompa.

Kama bado unataka kujaribu, fuata njia ya yule kijana wa miaka 13. Weka daftari na kalamu kando ya kitanda, na uandike ndoto kabla hujashika simu. Chagua wimbo mmoja mfupi, wako, usio wa tangazo lolote. Mchana kila ukiusikia, simama, jiangalie, ujiulize kwa dhati kama uko macho. Fanya hivyo wiki kadhaa. Halafu, ukipenda, uweke kama kengele ya sauti ya chini saa ambayo karibu utaamka, maana usingizi wa REM huwa mwingi kuelekea asubuhi. Kama una shida ya kulala au ndoto zinakutisha, achana nayo kabisa.

Huenda isifaulu. Lakini ikifaulu, atakayekuwa amekuita kwa jina ndani ya ndoto yako ni wewe mwenyewe.